Mtoto wa wiki 7 hapati choo mpaka kwa sabuni, daktari ataka kumkata kinyama cha kupima: jibu kwa mama wa Kisauni

Dadangu wa Kisauni, ahsante kwa kuandika kwa urefu vile, manake wengi huandika tu "mtoto hapati choo nifanyeje" na mtu hana pa kushika. Nikifupisha ili na wengine wafuate: mtoto wa kiume, wiki 7, ananyonya maziwa yako peke yake, choo hapati mpaka siku ya 4 au ya 5 na hata hapo mpaka atiwe kipande cha sabuni, tumbo limefura mpaka ngozi yang'aa, na uzito tangu wiki ya 4 umesimama palepale. Mavyaa wako asema ni chango, mtoto kapewa dawa ya chango na gripu wota juu yake. Mkaenda kupigwa eksirei ile ya kutiwa dawa kwa nyuma, ripoti ikasema haikuonyesha wazi, na sasa daktari wa upasuaji wa watoto ataka kumkata kinyama kidogo ndani ya njia ya haja kubwa akapime. Nawe wauliza: kwani lazima? Si eksirei haikuona kitu? Na hatuwezi kungoja akue kidogo?

Jibu langu ni lazima, na msingoje. Kazi yangu ya kila siku ndo hii, upasuaji wa watoto, na kwa hayo uliyoandika hata mie ningetaka hicho kinyama, kutafuta ugonjwa wa Hirschsprung, wa kuzaliwa nao, ambao utumbo wa chini haufunguki. Nitakueleza kwa nini, taratibu, ili ukiulizwa nyumbani uwe na la kusema. Lakini kabla ya maelezo yoyote: akitapika kijani (si maziwa yaliyoganda, kijani), au akipata homa, au tumbo likawa gumu na hataki kuguswa, au akaanza kuendesha majimaji yanayonuka vibaya huku amelegea na kunyonya hataki, acha kusoma, iwe usiku iwe mchana mbebe umpeleke hospitali yenye wodi ya upasuaji saa hiyohiyo. Usingoje tarehe ya kliniki.

Sasa turudi kwa barua yako. Kilichonishtua mie si zile siku 4 au 5, ni sentensi moja uliyoipitisha katikati kama jambo dogo, kwamba choo chake cha kwanza, kile cheusi cha kunata, hakikutoka mpaka siku ya 3, na kilitoka baada ya nyanyake kumtia sabuni. Hapo ndo pana uzito wote. Watoto waliotimiza miezi yao, zaidi ya 9 katika kila 10 hupata choo cheusi ndani ya saa 24 za kwanza, na saa 48 zikitimia karibu wote wameshapata. Anayepita hapo si lazima awe mgonjwa, mtoto wa njiti huchelewa, hata dawa alizopewa mama wakati wa uchungu zaweza kumchelewesha, lakini yataka aangaliwe. Na shida yetu ni kuwa siku hizi mama akijifungua salama leo, kesho yuko nyumbani, wodini hakuna aliyeuliza, na kule nyumbani anayebadilisha nepi leo ni shangazi, kesho ni nyanya, kesho kutwa ni jirani aliyekuja kutazama mtoto, ikifika wiki ya 7 daktari akiuliza cha kwanza alipata lini, kila mtu amtazama mwenziwe. Wewe wakumbuka, alhamdulillahi. Basi mwambie daktari wako hivyohivyo ulivyoniandikia mie, na usisahau kusema kilitoka kwa sabuni, si chenyewe, kwa sababu kwenye faili yaweza kuwa pameandikwa tu "siku ya 3" au hapakuandikwa kitu. Hiki ni kipimo ambacho hakuna mashine ya kukirudia, kishapita, kilichobaki ni hicho unachokumbuka wewe.

(Na anayesoma hii na ana mimba: siku mtoto akizaliwa, andika saa aliyozaliwa na saa aliyopata choo cha kwanza kwenye kile kitabu cha kliniki, nyuma hata kwa penseli. Inatosha.)

Najua jirani kakwambia wake alikaa wiki nzima bila choo na sasa yuko shule, na si mwongo. Mtoto wa maziwa ya mama peke yake akishapita mwezi hivi, mwezi na nusu, aweza kukaa siku 7 hata 10 bila kujisaidia na akawa mzima kabisa, kwa sababu maziwa ya mama huisha yote tumboni hayaachi makapi mengi. Lakini muulize huyo jirani vizuri. Wake tumbo lilikuwa laini, alikuwa anacheka, anyonya, uzito wapanda, na choo kilipotoka kilitoka chenyewe tena laini. Tena mtoto kama huyo, zile wiki za mwanzo alikuwa ajisaidia kila siku vizuri, kukaa kulikuja baadaye. Wako tangu siku ya kwanza hajawahi kwenda mwenyewe. Hawa ni watoto wawili tofauti hata kama wote "hawapati choo".

Anachoshuku daktari wako ndo huo ugonjwa wa Hirschsprung. Humpata mtoto 1 hivi katika kila 5,000 wanaozaliwa, wavulana ndo wengi, kama 4 kwa msichana 1, na watoto wenye Down (wanaozaliwa na kromosomu moja ya ziada) wanao zaidi kuliko wengine. Si chakula ulichokula, si kazi ulizofanya ukiwa na mimba, si jicho la mtu. Mtoto akiwa tumboni, kati ya wiki ya 5 na ya 12 hivi, kuna seli za neva zinazoanza safari huku juu kooni zikateremka kufuata utumbo mpaka chini kabisa kwenye njia ya haja. Wataalamu tunaziita ganglioni. Kwa mtoto wa Hirschsprung zile seli husimama njiani hazifiki mwisho, kwa wengi, kama 8 katika 10, kipande kinachokosa ni cha chini tu, lile rektamu, yaani mwisho wa utumbo mpana, na kale kapindi kanakofuata juu yake. Kuna wachache ambao utumbo mpana wote hauna. Sasa utumbo usio na seli hizo haujui kulegea. Unabana, na umebana saa zote. Ni kama foleni ya magari Likoni mlango wa feri ukifungwa, magari hayana ubovu wowote, barabara nzima, lakini mbele hapafunguki basi mrundikano warudi nyuma na kurudi nyuma. Huko nyuma ndo tumbo lenyewe unaloliona limefura.

Na hapa pana jambo lililowapoteza hata madaktari kwa miaka 60 hivi. Mwaka 1886 daktari wa watoto wa Copenhagen, Harald Hirschsprung, alieleza habari za watoto wawili wenye utumbo mpana uliotanuka vibaya, wote wawili walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Yeye na waliomfuata wakaona sehemu iliyotanuka ndo mgonjwa, kwani ndo inayotisha ukiitazama, wakawa wakata hiyo na kuunga, na mtoto arudi vilevile. Mpaka Orvar Swenson kule Boston, mwaka 1948, akaonyesha kinyume, kwamba ile iliyotanuka ni nzima, imechoka tu kwa kusukuma, na kile kipande kidogo cha chini kinachoonekana hakina neno ndicho kibovu. Alikuwa ameona watoto waliotolewa utumbo nje wajisaidie ubavuni wanenepa na kupona, ukirudishwa ndani tatizo larudi, akajiuliza basi lililoko chini ya pale ni nini. Akakitoa hicho kipande, akavuta utumbo mzima ukaungwa chini, na watoto wakaanza kujisaidia. Nakwambia haya si kwa kupenda historia, ni ili uelewe kwa nini kuutazama utumbo kwa picha hakutoshi: kibovu chenyewe ndo chaonekana cha kawaida.

Basi tuje kwenye eksirei. Ripoti yako haikusema hakuna kitu, ilisema haikuona wazi, na hayo ni mambo mawili mbalimbali. Kinachotafutwa pale ni mahali sehemu iliyobana inapokutana na iliyotanuka. Kwa mtoto mkubwa paonekana kama mchoro, kwa mtoto mchanga mara nyingi bado, kwa sababu ile ya juu haijapata muda wa kutanuka sana. Kwa kila watoto 10 wenye ugonjwa kweli, eksirei hii huweza kuwakosa 2 hata 3. Na yule ambaye utumbo mpana wake wote umekosa seli, hapo hapana mahali pa kukutana, wote uko sawasawa, mpiga picha aona utumbo ulionyooka tu.

Halafu umeniandikia kuwa asubuhi ya eksirei mlimtia sabuni "ili aende akiwa msafi". Mlifanya kwa nia nzuri na hakuna aliyewakataza, lakini kipimo hiki chataka mtoto aende vilevile alivyo, asitiwe sabuni, asisafishwe, hata daktari asimpime kwa kidole siku hiyo, manake ukishamwaga kilichojaa, ile tofauti ya kubana na kutanuka yapungua na picha yawa haina la kusema. Na mpiga picha naye ana yake ya kuangalia: mpira uingie kidogo tu pale mlangoni, usijazwe puto ndani kwa sababu puto litakitanua kile kile kinachotafutwa, dawa itiwe taratibu, picha ya kwanza ichukuliwe kutokea ubavuni. Kisha kesho yake apigwe nyingine bila kutiwa kitu, kuona kama dawa imetoka au imekaa. Wengi hawarudi ile ya kesho, wataambiwa warudi na wako mbali na nauli hakuna. Muulize daktari kama yenu ilipigwa. Ikiwa haikupigwa usihangaike kuirudia, kinyama kitajibu, lakini iandikwe.

Kuna magonjwa mengine ya kuzaliwa nayo ambayo lazima yaondolewe kwanza mezani na naamini daktari wako amefanya, ila nayataja kwa sababu yapo yanayopita macho wazi. La kwanza, njia yenyewe ya haja. Yaani mtu amvue nepi, amshike miguu juu, aangalie kwa mwanga wa kutosha kama tundu lipo, liko mahali pake, na ukubwa wake ni wa kawaida. Wapo watoto wanaozaliwa bila tundu na hugunduliwa siku ya 4 tumbo likiwa kama ngoma, kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake kaangalia. Kwa wasichana ni zaidi, choo chaweza kuwa chatokea katundu kadogo karibu na uke, nyumbani waona choo chatoka wasema yuko sawa, na mtoto akianza uji ndo kinaziba. Usione haya kumwambia daktari "hebu muangalie hapa". Kuangalia ni bure.

La pili ni kijani nilichokitaja mwanzo. Mtoto anaweza kuzaliwa utumbo wake haukujipanga vizuri tumboni, siku moja ukajisokota ukanyongwa damu, na hapo muda ni wa saa, si wa siku. Kutapika kijani kwa mtoto mchanga ni dharura mpaka ithibitike si dharura, hata kama dakika mbili baadaye anacheka. Wengine huzaliwa utumbo umeziba kabisa mahali, hao hujitambulisha siku ya kwanza au ya pili, wako angekuwa ameshajulikana. Na mwisho tezi ya shingo, thairoidi, ikiwa mvivu tangu kuzaliwa mtoto hufunga choo na kulala sana, hiyo ni damu tu. Omba ipimwe ikiwa bado.

Sasa kinyama chenyewe, ambacho ndicho kinachowanyima usingizi hapo nyumbani. Uliandika mavyaa wako auliza "yaani wamkate huko ndani mtoto wa wiki saba?" Nieleze kama ninavyokiona mezani. Mtoto wa umri huu kwa kawaida hahitaji kulazwa usingizi. Analazwa chali, sista amshika miguu miwili juu, mwingine ampa kidole chenye glavu anyonye ama maji ya sukari kidogo. Kile kifaa ni kijibomba chembamba, ubavuni mwake kina kitundu cha milimita 3 hivi, nyuma kimeungwa na bomba la sindano. Kijibomba chaingizwa sentimita 2 hivi juu ya ule mstari ambapo ngozi ya nje hukutana na ya ndani. Bomba lavutwa, ile ngozi ya ndani yanyonywa ikaingia kitunduni, na kijisu kilicho humo ndani chakata. Basi. Tunatoa, twaangalia kwenye mwanga, twataka kipande chenye weupe kwa chini, siyo utando mtupu, kisha twachukua kingine juu kidogo. Juu ya ule mstari hapana neva za kuhisi maumivu ya kukatwa kama zilizo kwenye ngozi ya nje. Hulia, ndio, analia kwa kushikwa miguu na kwa baridi, na akirudishiwa mamake akanyonya hunyamaza. Kifaa cha namna hii kilielezwa na mpasuaji mmoja mwanamke, Helen Noblett, mwaka 1969, zamani mtoto alikuwa alazwa usingizi akatwe kipande kamili na kushonwa.

Hatari ipo na sitakuficha: kutokwa na damu zaidi ya kawaida, au utumbo kutoboka. Ni nadra, haifiki mtoto 1 katika 100, lakini ndo sababu ya mambo mawili. Uliza mtoto alichomwa sindano ya vitamini K, ile inayosaidia damu kuganda, alipozaliwa? Akiwa alizaliwa nyumbani au kitabu hakina alama, sema, atachomwa kabla. Na siku hiyo msikimbilie nyumbani, kaeni saa chache, angalia nepi, doa dogo la damu si kitu, damu inayoendelea rudi ndani uwaite.

Jambo la kuuliza kabla ya siku: "Mtachukua kwa kunyonya au kwa kumlaza usingizi?" Hospitali nyingi huku kwetu hazina kile kifaa, kwa hiyo hukata kipande kwa kisu theata, mtoto akiwa nusukaputi. Nako ni sawa, jibu lake ni la kuaminika, ila maandalizi ni tofauti, mtoto atasimamishwa kunyonya kwa saa kadhaa na wa dawa ya usingizi ndiye atakayekwambia saa gani, mfuate yeye usimwonee mtoto huruma ukamnyonyesha kwa siri, maziwa yakipanda wakati amelala yaingia mapafuni.

Kipande kikishatoka kazi yahamia maabara na huko ndiko wazazi huchoka kungoja. Naomba uelewe kwa nini hukawia. Yule mtaalamu wa maabara akikiona kipande chako chini ya hadubini na akaona seli moja tu ya ganglioni, moja, amemaliza, mtoto pale hana Hirschsprung. Lakini asipoiona hawezi kusema haipo kwa kuangalia mara moja, lazima akate kile kipande vipande vyembamba makumi kwa makumi aangalie kimoja kimoja, na mara nyingine apake rangi maalumu, kuna moja yaitwa kalretinini inayosaidia sana, na si kila maabara inayo. Kuthibitisha kitu hakipo ni kazi kuliko kuthibitisha kipo. Kwa hiyo wakikwambia siku kadhaa au zaidi ya wiki, si kupuuzwa.

Na majibu ni ya namna tatu, si mbili. Seli zipo. Seli hazipo na neva ni nene kuliko kawaida, hapo ugonjwa upo. Na la tatu, kipande hakitoshi, yaani kilikuwa utando mtupu au kilichukuliwa chini mno, kwa sababu sentimita ya kwanza hivi kutoka mlangoni hata kwa mtoto mzima zile seli huwa chache. "Hakitoshi" hutokea, na maana yake ni kurudia, si kwamba mtoto ni mzima. Hapa ndipo familia nyingi hupotea, wasikia hakuna kilichoonekana, wafurahi, warudi kwa sabuni, na baada ya miezi mtoto aletwa hali mbaya.

Kwa nini msingoje akue? Kwa sababu ya ule ugonjwa wa tumbo kuchafuka ambao kitabibu ni enterokolaiti. Choo kikikaa muda mrefu nyuma ya pale palipobana, vijidudu vyazaana, ukuta wa utumbo wavimba, mtoto apata homa, tumbo lafura ghafla na anaendesha. Na hilo neno anaendesha ndilo linalodanganya, nyumbani watu husema ahaa kimefunguka, dawa imefanya kazi, kumbe ndo saa mbaya kuliko zote. Hii ndiyo inayoua watoto wa Hirschsprung, hata leo. Mtoto akifika mapema hutiwa dripu, antibayotiki, mpira wa puani wa kupunguza hewa, na kusafishwa kwa chini, na wengi hupona. Akichelewa sumu ishaingia damuni.

Mpaka siku ya kipimo, hapo nyumbani fanya hivi. Sabuni acha. Yachubua, na kwa kweli yatoa choo cha pale karibu tu, cha juu chabaki. Mafuta ya mbarika acha, yasukuma kutoka juu wakati chini pamefungwa. Kupigwa bomba la majani au la maji ya mfereji usikubali hata aje nani, mtoto wa kilo 4 utumbo wake hufyonza yale maji, chumvi ya damu yashuka, apata degedege, nimewapokea watoto wa hivi wodini na inauma kuona. Asali asipewe mpaka apite mwaka. Gripu wota haitamfungua, hana haja nayo. Maziwa yako endelea nayo, hayo hayana kosa, na usiongeze maziwa ya mkebe ati apate nguvu.

Tumbo likimzidi kabla ya tarehe, mpeleke asafishwe na watu wanaojua. Kusafisha kwa hospitali ni mpira laini na maji ya chumvi ya dripu yaliyopashwa moto kidogo, mililita 10 mpaka 20 kwa kila kilo ya mtoto kwa mara moja, yanaingizwa kidogo na kuachwa yatoke, na yanayotoka yapimwa yasiwe machache kuliko yaliyoingia. Wakiona utahitaji kuendelea nayo nyumbani watakufundisha, usikubali kuondoka mpaka umefanya mwenyewe mbele ya sista.

Ikithibitika ana ugonjwa, dawa yake ni operesheni, haina ya kunywa. Kipande kisicho na seli chaondolewa na kizima chavutwa chini. Mtoto ambaye tumbo halijaharibika sana hufanyiwa mara moja, na siku hizi yaweza kufanywa yote kwa njia ya haja bila kupasua tumbo. Aliyefura sana au aliyechafuka hutolewa utumbo nje kwanza, hujisaidia kwenye mfuko ubavuni, anenepe, kisha arudishwe. Najua kolostomi yatisha kuitazama, lakini mtoto huyo huanza kucheka na kuongeza uzito wiki chache tu. Baadaye wengi hujisaidia wenyewe vizuri, wengine watahitaji msaada wa choo miaka ya mwanzo, na ile hatari ya kuchafuka tumbo yaweza kurudi hata baada ya operesheni kwa hiyo zile dalili nilizokutajia juu usizisahau. Mkipanga mtoto mwingine mwambieni daktari, uwezekano wa ndugu yake kuwa nao ni kama 4 katika 100.

Ikitoka seli zipo, shukuru Mungu, lakini usiache kliniki, manake uzito uliosimama bado wataka sababu yake.

Kuhusu mavyaa wako. Usimpinge mbele za watu. Yeye ndiye aliyeona siku ya 3 kwamba mtoto hajapata choo wakati wengine wote hawakuona, hilo ni jicho zuri. Nenda naye kliniki, muombe daktari amuonyeshe kile kifaa akishike mkononi aone ukubwa wa kale katundu. Nimeona wazee wengi wakibadilika wakishakiona, na yeye ndiye atakayewanyamazisha wengine nyumbani.

Kama hapo mlipo hawana huduma, ombeni barua ya rufaa mwende Coast General, ile hospitali kuu ya rufaa ya Mombasa, msizunguke zahanati moja baada ya nyingine. Na mtoto mwandikishe SHA, bima ya afya ya serikali, chini yako saa hii, kabla ya kulazwa, usingoje mpaka mko dirishani mwaulizwa namba.

Ripoti ya kinyama ikitoka omba nakala yako mwenyewe, usome pameandikwa vipande vingapi, kutoka sentimita ngapi, na kama vimetosha. Na uwaambie maabara zile slaidi zisitupwe, kwa sababu atakayempasua, hata akiwa ni daktari mwingine hospitali nyingine, atataka kuzitazama kwa macho yake kabla hajashika kisu.